Umeme ulikatika, kinanda kikarudi kwenye kii nyingine: kisa cha mpigaji aliyejua kodi tatu za C

Kii ya wimbo, yaani sauti iliyo do yake, ni G. Kila baa ina mapigo manne, mwendo ni wa wastani, na kodi zake, yaani sauti tatu zinazopigwa pamoja, ni tatu tu: ya 1, ya 4 na ya 5, ukihesabu kutoka do. Mpiga kinanda ni kijana mwenye miezi minane ya kujifunza, na wimbo huu ameshaupiga mara nyingi. Katikati ya ubeti wa pili umeme unakatika. Kwaya inaendelea kuimba bila chombo, jenereta inawashwa, kinanda kinawaka, na kijana anaingia mwanzoni mwa kiitikio. Baa ya kwanza inapita salama. Ya pili inachafuka, ya tatu inachafuka zaidi. Soprano wanaanza kupanda, besi wanabaki pale pale, na mwalimu wa kwaya anamwashiria kijana aache kupiga.

Baada ya ibada maelezo huwa mawili: kinanda kimeharibika, au kijana bado hajaiva. Hakuna lililo sahihi. Kilichotokea kinaweza kuelezwa sauti kwa sauti, na ukishakielewa unajua pia kijana afundishwe nini kuanzia Jumatatu.

Kwanza, kinanda. Kijana alikuwa amejifunza kodi za C peke yake: C, F na G. Ili zitoke kwenye G aliweka transpozi, kitufe kinachohamisha sauti zote za kinanda, kwenye +7, maana kutoka C kupanda hadi G ni nusu toni saba, nusu toni ikiwa hatua ya kutoka kitufe kimoja hadi cha jirani, cheusi au cheupe. Vinanda vingi vikikatikiwa na umeme huwaka tena transpozi ikiwa sifuri. Kwa hiyo vidole vilikwenda pale pale vilipozoea, ila sauti zilizotoka safari hii zilikuwa za C halisi, huku kwaya ikiwa bado kwenye G.

Sasa fuata baa. Kiitikio kinaanza kwa sauti moja, wote wako kwenye do, yaani G. Kijana anapiga C, E, G. Sauti ya G imo ndani ya kodi yake, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Baa ya pili kwaya inagawanyika na kuimba kodi ya 4: C, E, G. Kijana naye anapiga kodi ya 4 aijuayo, F, A, C. Hapo E ya waimbaji inakutana na F ya kinanda, nusu toni moja kati yao. Baa ya tatu kwaya iko kwenye kodi ya 5, D, F shapu, A. Kinanda kinatoa G, B, D, na F shapu inasuguana na G. Baa ya nne kwaya inarudi G, B, D. Kinanda kinatoa C, E, G, na B inasuguana na C.

Angalia mpangilio wake. Kila mara sauti ya msingi ya kodi ya kinanda inakaa nusu toni juu ya sauti ya katikati ya kodi ya kwaya. Anayeimba sauti hiyo ya katikati, ambayo kwenye kodi ya 1 ni mi, anavutwa juu kidogo kidogo kuelekea chombo. Katika wimbo huu walioishika ni soprano, ndiyo maana wakapanda. Besi wanaimba sauti ya msingi ya kodi yao: C, kisha D, kisha G. Sauti hizo zimo pia ndani ya kodi za kinanda, kila moja kwa zamu yake, kwa hiyo besi hawakusikia ubaya wowote na hawakuwa na sababu ya kuhama. Kuwalaumu soprano kwa "kukosa sikio" ni kuwaonea. Walikuwa na sikio zuri, na kinanda ndicho kilichowadanganya.

Je, angeweza kuokoa jahazi? Angeweza kubonyeza kitufe cha kupandisha mara saba, au cha kushusha mara tano, huku wimbo unakwenda na kila mtu anamtazama. Mara tano ni jibu zuri zaidi, kwa kuwa -5 nayo inampeleka G. Lakini dawa ya kweli ni kujua kodi tatu za G zilipo.

Transpozi ina hasara nyingine inayojitokeza hata umeme usipokatika, hasa mkipiga pamoja na gitaa. Mpiga gitaa la besi anaona kijana amepotea, anamwinamia na kumwambia, "Mdogo wangu, nenda C!" Anamaanisha kodi ya 4 ya G. Kijana anabonyeza C yake, na kwa sababu ya +7 inatoka G. Ili apate C aliyoambiwa, angepaswa kubonyeza F. Wawili hao hawana tena lugha moja. Hatukatazi transpozi: ni kifaa halali pale wimbo wenye kodi nyingi unaposhushwa nusu toni kwa ajili ya mwimbaji aliyekauka koo. Ila anayeitegemea kwa kodi tatu hajajua bado yupo wapi kwenye kinanda.

Kuchelewa kulikuwapo kabla ya umeme kukatika

Ukimsikiliza kijana huyu kwenye beti ambazo hazikuwa na tatizo, unasikia jambo lingine. Kila kodi mpya inaingia kidogo baada ya pigo la kwanza. Kwaya inamsubiri bila kujua, na kufika ubeti wa tatu wimbo umekuwa mzito. Ushauri anaopewa ni "fanya haraka." Ushauri huo haumsaidii, kwa sababu vidole vyake si vizito. Vinasafiri mbali mno.

Hesabu safari yenyewe. Anapiga kila kodi kwenye umbo la msingi, sauti ya msingi ikiwa chini: C, E, G; kisha F, A, C; kisha G, B, D; kisha anarudi C, E, G. Kutoka C kwenda F kila kidole kinapanda nusu toni 5, vidole vitatu jumla 15. Kutoka F kwenda G kila kimoja 2, jumla 6. Kutoka G kurudi C kila kimoja 7, jumla 21. Mzunguko mmoja wa kodi tatu unamgharimu nusu toni 42, na mkono mzima unaruka hewani mara tatu. Hawezi kuruka bila kutazama, akitazama chini anamkosa mwalimu wa kwaya, na pigo linampita.

Sasa panga sauti zile zile upya. C, E, G. Kwa kodi ya 4, acha kidole gumba kwenye C, peleka vingine F na A: C, F, A. Safari ni 0, 1 na 2. Kwa kodi ya 5, shusha vyote: B, D, G. Safari ni 1, 3 na 2. Kurudi nyumbani, G inabaki, B inapanda C, D inapanda E: 1, 2 na 0. Jumla ya mzunguko ni nusu toni 12 badala ya 42. Kodi ni zile zile, wimbo ni ule ule, na mkono haujatoka mahali pake. Huu ndio mgeuzo wa kodi: sauti hazibadiliki, kinachobadilika ni ipi imekaa chini.

Kuna faida ya pili ambayo walimu wa kwaya wataitambua mara moja. Kodi zikipandishwa na kushushwa zote kwenye umbo la msingi, sauti zote hutembea upande mmoja kwa umbali mmoja, zikiburuza kwinti sambamba (sauti mbili zilizoachana kama do na so, zikihama pamoja) ambazo mtunzi wa nyimbo za sauti nne hufundishwa kuzikwepa. Kwa mpangilio wa pili, kutoka kodi ya 4 kwenda ya 5 mkono wa kulia unashuka huku besi inapanda. Sikio linasikia sauti nne zinazojitegemea, mithili ya kwaya yenyewe.

Alichokuwa anakijua tayari

Sehemu hii ya kisa ndiyo inayotugusa zaidi. Kijana huyu ni mwimbaji wa teno. Anasoma sol-fa bila shida, karatasi yoyote iliyoandikwa d, r, m, f, s, l, t anaiimba. Lakini akikaa kwenye kinanda anaiacha sol-fa mlangoni na kuanza kukariri picha za vitufe. Mfumo wa sol-fa tunaoutumia makanisani uliimarishwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, juu ya kazi ya Sarah Glover wa Norwich, na uzuri wake wote uko kwenye do inayohama. Do ikiwa G au A flati, mwimbaji habadilishi chochote kichwani. Hicho ndicho mpiga kinanda anachokitafuta.

Kwa hiyo kodi ya 1 ni do, mi, so. Ya 4 ni fa, la, do. Ya 5 ni so, ti, re. Mzunguko tulioupanga hapo juu unaimbwa hivi: do-mi-so, do-fa-la, ti-re-so, do-mi-so, ti ikiwa ile ya chini ya do. Kabla ya kugusa kinanda, kijana aimbe kila mstari peke yake. Wa chini: do, do, ti, do. Wa kati: mi, fa, re, mi. Wa juu: so, la, so, so. Atagundua kwamba mistari hii ameshaiimba mara nyingi kwenye alto na teno. Akishaiimba, kila kidole kina wimbo wake wa kufuata, na hapo makosa yanasikika kabla hayajaonekana.

Mpangilio huo unahamia kii yoyote, ila si kila kii unakaa vizuri mkononi ukianza na do chini, na hapa wanafunzi wengi hukwama. Ukiuhamishia G moja kwa moja unapata G-B-D, G-C-E, F shapu-A-D. Kodi ya 5 inaweka kidole gumba, ambacho ni kifupi, kwenye kitufe cheusi. Mwanafunzi anapinda kiwiko na kifundo cha mkono, na anachelewa pale pale anapotakiwa kuwa imara. Kwa G ni heri uanze na so chini: D-G-B, halafu E-G-C, halafu D-F shapu-A, kisha D-G-B. Kwa sol-fa: so-do-mi, la-do-fa, so-ti-re, so-do-mi. Safari ni nusu toni 12 vile vile, na F shapu sasa inaangukia kidole cha kati, ambacho ni kirefu na kinakifikia kitufe cheusi bila kusukuma mkono. D ya kuanzia ni ile iliyo jirani kabisa na C ya katikati ya kinanda, upande wa kulia. Ukishuka oktavu nzima chini yake sauti tatu zikibanana zinanguruma na maneno ya kwaya yanafunikwa.

Vidole, ukihesabu gumba 1 na kidole kidogo 5: D-G-B ni 1-3-5, E-G-C ni 1-2-5, D-F shapu-A ni 1-3-5. Hiyo 1-2-5 ya katikati ndiyo inayosahaulika. Mwanafunzi akibaki na 1-3-5 kwenye E-G-C, kidole cha kati kinajikunja na mkono unakakamaa.

Mkono wa kushoto ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kidole kidogo kwenye G, cha shahada kwenye C, gumba kwenye D. Ndizo besi tatu za kodi zote tatu, na mkono hausogei hata kidogo. Kama kuna gitaa la besi kwenye kikundi, mkono huo upige kwa wepesi au unyamaze. Besi mbili zisizoingia pamoja zinaharibu mapigo kuliko besi moja iliyokosekana.

Kazi ya majuma sita

Dakika 20 kila siku zinatosha, na zinashinda saa mbili za Jumamosi. Mitindo ya ngoma iliyomo ndani ya kinanda izimwe kabisa kwa kipindi hiki. Mtindo unafuata kodi inayobonyezwa kushoto, na ukichelewa nusu pigo besi na gitaa zake zote zinachelewa nawe, kwa hiyo husikii kosa lako.

Juma la kwanza ni mkono wa kulia tu, C, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika. Kila kodi inakaa mapigo manne, yaani sekunde nne. Ahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, toka. Kwenye "toka" vidole vinavyohama vinanyanyuka na kwenda kukaa juu ya vitufe vipya bila kubonyeza. Pigo la kwanza likifika vinashuka. Kosa alilokuwa nalo ni kwamba alisubiri pigo la kwanza ndipo aanze kutafuta. Kidole kisichohama kisinyanyuke kabisa. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu miezi minane ya kuruka imeuzoesha mkono kunyanyuka wote. Weka sarafu ya shilingi 200 mgongoni mwa mkono. Kutoka do-mi-so kwenda do-fa-la sarafu inatakiwa ibaki. Siku mbili za mwanzo itadondoka kila mara, na kila ikidondoka utajua ni kodi ipi iliyokurusha. Kwa kijana huyu ilikuwa kila mara anapotoka kodi ya 5 kurudi ya 1: G ilikuwa tayari chini ya kidole chake kidogo, naye akaiacha ili aifuate tena.

Mzunguko ukipita safi mara nane mfululizo, ongeza metronomu kwa 4, usiruke. Ukifika 80, "toka" ibanwe iwe nusu ya mwisho ya pigo la nne. Juma la pili ni G, kuanzia 60 tena, bila kuona aibu ya kurudi polepole. La tatu, mikono miwili pamoja: kwanza besi peke yake ukiimba mstari wa juu, kisha yote. La nne ni F, yaani F-A-C, F-B flati-D, E-G-C, ambako kitufe cheusi ni kimoja tu nacho kinaangukia kidole cha kati. La tano D na B flati. La sita, chukua wimbo ule ule wa kisa chetu uupige kwenye kii tatu tofauti, transpozi ikiwa sifuri.

Kama kuna pedali, isiguswe kabla ya juma la nne. Ikija, mguu unanyanyuka wakati vidole vinaposhuka kwenye kodi mpya, halafu unakanyaga baada ya kodi kusikika. Wengi hukanyaga pamoja na vidole. Hapo mabaki ya kodi ya 4 yanachanganyika na kodi ya 5 na kinanda kinasikika kama kiko ndani ya pipa.

Bado kuna swali la kujua ni kodi ipi iwekwe wapi pasipoandikwa. Tazama sauti ya wimbo kwenye pigo la kwanza la baa. Mi inaita kodi ya 1. La inaita ya 4. Ti na re zinaita ya 5. Fa ni ya 4, ila ikitangulia kuangukia mi mwishoni mwa mstari mara nyingi kodi ya 5 inaibeba vizuri, nayo inakuwa kodi ya 5 yenye sauti ya nne juu yake: so, ti, re, fa. Do inakubali ya 1 au ya 4, so inakubali ya 1 au ya 5, na hapo sikio ndilo linaloamua. Mwisho wa mstari unaotulia kwenye do, baa ya mwisho ni ya 1 na iliyoitangulia huwa ya 5 mara nyingi. Kijana alikuwa anaweka kodi ya 4 kila aliposikia do ya juu, hata mwisho wa ubeti, ndiyo maana nyimbo zake zilikuwa kana kwamba haziishi.

Kodi ya 6, la-do-mi, iingie baada ya hizi tatu, nayo inaingia kwa urahisi wa kufurahisha. Piga 1, 6, 4, 5 kwenye C: C-E-G, C-E-A, C-F-A, B-D-G. Kutoka ya 1 kwenda ya 6 kinasogea kidole kimoja. Kutoka ya 6 kwenda ya 4 kinasogea kimoja tena. Aliyeruka ruka miezi minane akipiga hatua hizi mbili kwa mara ya kwanza huwa anasimama na kurudia, kuhakikisha kwamba ni kweli.

Baada ya majuma sita kijana anapiga C, G, F na D bila kutazama chini, na kwaya haivutwi tena. B flati bado anaipiga kwa uangalifu. A flati, ambayo mwalimu wa kwaya anaipenda kwa sababu soprano wanaifikia bila kubana koo, bado inamchelewesha kwenye kodi ya 4. Sauti zake ni A flati-D flati-F, mbili nyeusi na moja nyeupe, na kidole gumba kinatakiwa kitulie kwenye nyeusi. Kwa hiyo sasa anaifanyia kazi "Amina" peke yake: kodi ya 4 kwenda ya 1, D flati kwenda A flati, gumba hakinyanyuki, F inashuka E flati, D flati inashuka C. Mara 20 kila jioni, taa ikiwa imezimwa.